Majivu ya Mama Yamemwagwa Kwenye Biringanya

Osaka, 3 Agosti 1998, mwaka wa arobaini na tatu tangu niondoke Yamagata.

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimechoka na sina wa kumweleza. Mama yangu alifundisha watu kuandaa chai, akitumia birika la chuma cha kusubu lililomzidi babu umri, na jiko lake la mkaa, na ndani ya jiko majivu ambayo kila kiangazi aliyaosha, akayachekecha, akayanyunyizia chai nzito na kuyasugua kwa viganja hadi yakawa laini kama unga, na alituambia nyumba ikishika moto tuokoe majivu kwanza. Alipofariki vyote vilibaki kwa Kinue, mjane wa kaka yangu, anayeishi peke yake katika nyumba yetu ya Yamagata, ambaye kila akipiga simu huuliza narudi lini, nami husema vuli ijayo, miaka kumi sasa. Mwezi uliopita alihamia kwa binti yake, akanitumia vitu kwa posta: jiko limeoshwa, birika limesuguliwa ndani kwa waya mpaka ikatoka yote ile kutu ya miaka iliyoyapa maji utamu, majivu hakuna.

"Nimeyamwaga kwenye biringanya bustanini," akasema nilipompigia.

"Umemmwaga mama!"

"Makubwa! Shemeji, ulitaka niyabandike stempu?"

Nikamwita mjinga. Akakata simu. Siku ya kumi na tisa leo hapokei, na ndiye pekee aliyebaki anayeniita kwa jina la utotoni. Nifanye nini?

Mzee wa Osaka

Mzee wangu,

Pole. Lakini mjinga nani hapo? Wewe uliyejua thamani ya majivu hukumwambia hata siku moja, wala hukwenda hata kiangazi kimoja kuyasugua. Yeye kasugua birika mpaka vidole vikamuuma, asikutumie kitu kichafu.

Birika litapona. Chemshia majani ya chai kila siku, mwaga, liache likauke kwa joto la makaa, na ndani usipitishe kitambaa. Majivu tafuta ya kawaida, uanze kuyaosha wiki hii jua likiwa kali.

Kinue usimpigie tena. Mwandikie leo, umwombe radhi kwa lile neno, na majivu usiyataje. Unadhani kwa nini mjane kakaa peke yake miaka kumi katika nyumba ile, akiparua theluji paani? Alikuwa anakungoja. Mwambie ukweli ambao wewe mwenyewe unaujua, kwa neno moja, bila kulipamba: sitarudi.