Waranti ya Koome

Jumamosi, Embu

Na chai alinipa, yule mwizi!

Leo nimebeba amplifaya hadi Nairobi, kwa wakala halali wa kampuni, kwa sababu spika ya kushoto imenyamaza tangu juzi. Msichana wa kaunta hata hakuiwasha. Aliigeuza tu, akanionyesha mahali nambari ya kampuni imekwanguliwa.

"Hii haikupitia kwetu, mzee. Hatuwezi kuigusa. Ulinunua wapi?"

Ningemwambia nini? Kwamba niliinunua Kangeta, nyuma ya soko la miraa, kwa Koome anayeuza mitambo ya bei kali kwa nusu bei? Nilimuuliza habari ya waranti. Akajipiga kifua: "Waranti ni mimi, mwalimu! Ikisumbua, nipigie." Tukanywa chai, nikaridhika. Kwetu mtu akikupa neno mkinywa chai, huombi karatasi. Ndivyo baba alivyonunua ng'ombe, na ng'ombe walikuwa ng'ombe.

Jioni nimemkuta mama sebuleni. Ametoka kijijini Kanja amevaa nguo ya kanisani, kuja kusikia kanda ya kwaya ya marehemu baba. Sikuwa na uso wa kumwambia. Kanda nimeiweka hivyo hivyo. Waimbaji wa teno na besi wote wako upande wa kushoto, na baba yumo.

Mama amesikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa.

"Wanaimba vizuri," amesema. "Lakini wanaume walienda wapi?"

Nimeipigia waranti yangu tena sasa hivi, kama nilivyofanya tangu juzi. Imezima simu.