Anayemtangulia Baba Msituni

Podgaj, Bosnia
Desemba

Kaka yangu mpenzi Senad,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta wewe, wifi na watoto mkiwa wazima huko Ljubljana, na mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi. Ng'ombe amezaa. Baba anakohoa asubuhi, lakini ukimtajia daktari anakujibu kwamba alipigwa risasi na hakufa, kikohozi ni kitu gani.

Unamjua Baba. Tangu arudi vitani hajawahi kutulia. Ndiye aliyeifukua chemchemi ya msikitini, ndiye anayewafundisha watoto wa shule wasiguse chuma msituni, na mtu akipotea upande wa Gradina, nyuma ya ule utepe mwekundu wa kuonya mabomu, hodi inapigwa kwetu. Mabomu ya kule aliyafukia yeye na rafiki yake Ragib, kuilinda njia ya kijiji. Ragib akaja akakanyaga moja, na mwili haukupatikana. Watu husema juu ya Baba, "Avdo anakumbuka kila alipochimba." Hata mimi niliamini hivyo, ijapokuwa mvua imekuwa ikiusogeza ule udongo miaka yote hii.

Mwezi uliopita mzee Huso, ambaye akili zake siku hizi huenda na kurudi, aliwafuata kondoo wake ndani ya ukungu. Majirani wakaja, Baba akavaa buti. Nilimfuata mpaka kwenye utepe nikasimama. Theluji ilikuwa mpya. Senad, mbele ya Baba kulikuwa na nyayo. Zilianzia katikati ya weupe, pasipo njia iliyozifikisha pale, na Baba aliweka mguu wake ndani ya kila unyayo huku akizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfuata mwenyeji wake. Hatua moja mbele yake, theluji ilibonyea yenyewe. Hakuna ndege aliyelia.

Alitoka amembeba mzee Huso mgongoni. Mzee alikuwa akicheka. Akaniambia: "Zumra, mwambie yule kijana aliyetutangulia asiende mbio, sisi wengine tumezeeka!"

Nyumbani nilimuuliza Baba. Alitia kuni katika jiko, kisha akanieleza, nami nakueleza wewe peke yako. Anayemtangulia ni Ragib. Imekuwa hivyo tangu mara ya kwanza. Na kila wanapofika penye mti mmoja uliopasuka, nyayo husimama, humgeukia, ndipo huendelea. Mifupa iko pale. Baba amejua miaka yote. Hakuitoa kwa kuogopa kwamba Ragib akizikwa, hatakuwepo tena wa kuwatoa watu wakiwa hai. Na miaka yote hiyo amekuwa akimpelekea kuni Bibi Hanka, mama yake Ragib, naye bibi humuuliza, "Avdo mwanangu, wangu hujamwona bado?" Baba hujibu hajamwona.

Nilishindwa kumlaumu, nikashindwa pia kumtazama usoni. Nilimwambia tu kwamba Bibi Hanka ameacha kula, na kwamba wanawake wameanza kumsomea Yasini.

Asubuhi yake akaenda, akamleta Ragib ndani ya blanketi. Bibi Hanka aliipapasa ile mifupa polepole, kama anayemvisha mtoto nguo. Akasema, "Umechelewa, mwanangu. Lakini umemleta." Tulimzika Ragib Ijumaa, na mama yake akamfuata kabla wiki haijaisha. Baba akatangaza msikitini kwamba Gradina haendi tena, wala asiende mtu, mpaka wategua mabomu waje.

Nikadhani yamekwisha. Jana theluji ikaanguka tena. Nilipofungua mlango niliona nyayo zimetoka makaburini, zimekatiza bustani, zimefika kizingitini. Zilizorudi hazikuwepo. Baba alikuja akasimama nyuma yangu. Alisema, "Ingia basi, mbona umesimama nje kama mgeni?" Akaufungua mlango wote, akamimina kahawa katika kikombe cha tatu. Hakukigusa yeye, wala sikukigusa mimi. Adhuhuri kilikuwa kitupu.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu. Baba anasema mje kwa Idi, nami nakuomba msikose. Ila ukiingia, usikalie kiti kilicho karibu na jiko. Kina mwenyewe.

Nduguyo akupendaye,
Zumra