Kuhusu Bonge, na Kisima Kinachopashwa Moto

Chumba cha Mwisho,
Nyumba za Wafanyakazi,
Kambi ya Kisima cha Nne.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na kile kikohozi cha asubuhi, kimekuachia au bado unakificha? Mimi ni mzima, uchovu tu. Bonge ni mzima kupita kiasi. Jana kaingia kwenye beseni la nguo nilizoloweka, akagoma kutoka.

Barua yako nimeipata. Najua umeandika kwa huruma. Unasema nikupe Bonge umlee mpaka kazi hii iishe, nami nipumue. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze ninachofanya huku, maana nasikia bado unawaambia watu nachimba maji.

Si maji, mama. Ni mvuke. Chini huko miamba ina moto, na mvuke wake ndio utakaozungusha mitambo ya umeme. Tunashusha mabomba ya chuma, kisha kati ya bomba na mwamba tunasukuma uji wa saruji. Kazi yangu ni kuupima uzito kabla haujashuka. Saruji ya kujengea nyumba peke yake haiwezi, joto lile huilegeza. Yetu tunaichanganya na unga laini wa mchanga ili ishike. Nikitoka hapo nyusi nyeupe pe, wenzangu wananiita Mama Ngano.

Sasa saruji imekauka, mtambo wa kuchimba umehamishwa, na wachimbaji wameondoka nao. Kambi imekuwa kimya mpaka inatisha. Tumebaki wachache, tunangoja kisima kipate moto. Hakifunguliwi kwa pupa. Chuma kikipata joto kinataka kurefuka, saruji inakizuia, ukikiharakisha kinajikunja. Fundi mkuu, tunayemwita Bwana Taratibu, hataki mtu aguse vali, ile koki kubwa ya mdomoni mwa kisima, bila yeye. Juzi mhasibu kaja kuuliza, umeme lini? Akaambiwa, "Kaa kwenye jiwe lile, kikiwa tayari kitakuita." Akakaa kweli!

Kisima cha tatu ndicho kilichotufunza adabu. Kilikuwa kizima kabisa. Kikamiminiwa maji baridi ili vali itengenezwe, kikapashwa tena, kikapozwa tena. Bomba likakatika huko chini. Nikamuuliza Bwana Taratibu, kwani joto lilizidi?

"Aa, Mama Ngano. Joto kingelivumilia. Kilichokiua ni hii pasha-poza, pasha-poza."

Nilimfikiria Bonge hapo hapo. Unakumbuka nilivyomwacha kwako safari ile? Aliporudi alisimama mlangoni, akanitazama, akasema, "Shikamoo, anti." Nilicheka, kwa sababu dereva aliyemleta alikuwepo. Sikukuambia. Alikaa muda mrefu hajakubali nimwogeshe, na akilia alikuwa anakuita wewe. Sikulaumu hata kidogo, ulimpenda ndiyo maana.

Kwa hiyo hapana, Mama Mdogo. Nimechoka, sikatai, kuna siku nalala na viatu. Mchana Bonge anashinda na mpishi wa kantini. Jioni hatuna wa kuongea naye. Mimi naongea na ukuta, Bonge anajibu kwa niaba ya ukuta. Lakini hatoki tena mikononi mwangu. Usinikasirikie, na usimtume mjomba aje kunibembeleza, nitampa chai na atarudi vilevile.

Msalimie mjomba huyo huyo. Msalimie na dada fundi cherehani. Ile suruali imemkaa Bonge vizuri, ila tumbo limeshaanza kuidai nafasi.

Mungu akulinde, akuzidishie afya, na akupe nguvu za safari, maana nina ombi. Njoo wewe. Si kulea, si kufua, hayo nitayafanya. Kitanda ni kimoja lakini kipana, tutaenea. Nataka siku moja nitoke zamu nikute mtu mzima ameketi humu ndani, aniulize kama nimekula.

Mwanao akupendaye, na asiyebadili neno,

Mama Bonge