Gato Lenye Uso wa Kunda

Jumatatu, 7 Julai

Mayai thelathini. Matatu yameoza. La tatu lilipasukia ndani ya bakuli lenye mengine tisa, nikamwaga yote. Harufu bado imekaa puani. Nimenawa mara nne.

Magato mawili leo, keki kubwa za wateja. Moja la siku ya kuzaliwa, moja la ubatizo. La harusi hakuna. Mwaka mzima sijapata hata moja. Mjane mwenye nguo nyeusi hapiki gato la harusi, watu wanasema mikono yangu bado ina kifo. Ya watoto wao wananiletea bila wasiwasi, lakini bibi harusi asiguse. Kumbe kifo kinajua kuchagua gato.

Umeme ulikatika saa nne. Nikahamia kwenye mbabula, jiko la makaa, makala chini, makala juu ya kifuniko. La ubatizo limeungua upande mmoja. Nimekwangua, nimeziba kwa krimu. Hakuna atakayejua. Mimi najua, na inanikera.

Jumatano, 9 Julai

Shemeji Chola amekuja. Mdogo wa marehemu mume wangu Kunda, dereva wa malori ya kwenda Mokambo. Siku hizi anakuja mara tatu kwa juma na hapigi hodi. Ameingia moja kwa moja jikoni. Amechovya kidole kwenye krimu, amelamba, amechovya tena. Kidole kile kile. Kucha ndefu, grisi imejaa chini yake. Alipoondoka nilimwaga bakuli zima.

Alileta habari. Familia imepanga siku. Jumamosi tarehe 19 tunaondoa matanga, Kunda ametimiza mwaka kaburini. Na wanataka gato. Gato lenye uso wa Kunda juu yake, wameona kitu kama hicho kwenye simu. Nilipike mimi. Mjane ni mimi, fundi ni mimi, kwa nini wahangaike.

Nimeuliza nani atatia kisu usoni mwake. Chola alicheka tu, njiti mdomoni.

Halafu akasema, "Ile siku mambo yote itaisha, bibi."

Bibi. Kwetu hapa bibi ni mke. Mke wake yuko mtaa wa Annexe na watoto watano.

Alhamisi, 10 Julai

Nimetapika asubuhi. Si mayai. Ni lile neno.

Niandike wazi, maana kwa mdomo siwezi. Kwa watu wa Kunda kuna kupyana. Mume akifa, kifo chake kinabaki mwilini mwa mke. Ndugu wa mume ndiye wa kukitoa, chumbani, siku ya kuondoa matanga. Baada ya hapo mwanamke ni wake. Nyumba pia, bila shaka.

Kwetu Kasai tuna mambo yetu, sisemi sisi ni malaika. Lakini nilizaliwa hapa Lubumbashi, nimesoma, nimefundisha shule ya msingi miaka sita. Nilidhani haya yalishabaki kwa mababu. Nimempigia kaka yangu. Amesema hayo ni mambo ya ukoo wa mume, yeye hawezi kuingilia. Sauti ya mtu anayetafuna. Alikuwa anakula wakati naongea.

Nikikubali, naingia kitandani na kile kidole. Nikikataa, matanga hayaondoki, nabaki na nguo nyeusi na mikono yenye kifo, na hakuna atakayeniagiza gato la harusi mpaka nizeeke. Ndiyo hali yenyewe.

Jumapili, 13 Julai

Tantine Musonda amepiga simu kutoka Mokambo. Ni shangazi wa Kunda, mkubwa wa ukoo, neno lake ndilo la mwisho. Nilikuwa nimejipanga kumwomba. Sikupata nafasi. Mtandao unakatika, yeye anapiga kelele.

"Utayarishe bunga! Bunga mweupe, ya muzuri! Ya mu nyumba yako, usiombe kwa muntu!"

Ikakatika.

Unga. Mimi naenda kugawiwa kama kiti cha marehemu, na yeye anawaza bukari, ugali wa wageni. Nilimheshimu yule mama. Sasa naona ni tumbo tu kama wengine. Haya, watapata unga wao. Mfuko mzima nimewawekea wanawake watakaopika.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekwenda mjini kuchapisha picha kwenye karatasi ya kulika. Picha amechagua Chola. Kunda anacheka, shati la mistari. Wamekata waliokuwa pembeni, lakini umebaki mkono begani mwake. Nimeutambua kwa kucha. Mkono wa Chola, utakaa juu ya gato langu.

Na rangi imetoka vibaya. Midomo ya buluu. Mume wangu anaonekana kama mtu aliyetolewa majini. Kijana wa mashine alisema ukiweka kwenye krimu itatulia. Haitatulia. Najua krimu.

Nitafanya waridi kubwa la krimu niufunike ule mkono.

Jumatano, 16 Julai

Mama Zaituni, jirani yangu, amekuja kunisaidia maua ya karatasi. Watu wake ni wa Maniema, Waislamu, mume wake fundi cherehani. Mikono yake myepesi. Maua arobaini meupe, na mapulizo meusi na meupe ya kufunga kwenye nguzo. Sherehe ya kifo yenye mapulizo. Nimeyapuliza mwenyewe, mdomo umejaa ladha ya mpira.

Nilimwambia yote. Aliacha mkasi.

"Siye kwetu ni miezi ine na siku kumi. Muntu anaoga, anavaa, basi. Sasa huyu bwana anatafuta nini?"

"Ananitafuta mimi."

Akatema mate dirishani. Nilimpenda kwa hilo.

Nimeamua. Jumamosi nitasema hapana, mbele ya wote. Nitapoteza kazi, labda na nyumba. Nimeandika, sirudi nyuma.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeoka toka saa kumi na mbili asubuhi. Ghorofa moja tu, pana, ya mstatili. Kunda hakupenda magato marefu. Krimu imekubali, baridi ya Julai inasaidia. Nimelaza karatasi ya picha polepole, kuanzia kidevuni. Pua imepata mkunjo. Nimeunyoosha kwa kijiko kilicholowa. Nilikuwa napapasa uso wa mume wangu kwa kijiko, na nilichohisi ni kichefuchefu tu. Hilo nalo limenichukiza. Mwanamke gani huyu.

Waridi limetoka zuri. Mkono hauonekani.

Mchana Chola amepita "kuangalia maandalizi". Ameangalia chumba changu. Alipoondoka nimekuta kandambili zake chini ya kitanda. Zimepangwa vizuri, upande wa ukutani, upande wa Kunda. Zina alama ya vidole vyake, nyeusi, kumi.

Nimezitoa kwa koleo la makala. Nimeosha sakafu, halafu koleo, halafu sakafu tena.

Jumapili, 20 Julai

Ya jana. Niandike kabla sijaanza kuyasahau au kuyapamba.

Watu themanini uani. Wote kitenge kimoja, mimi peke yangu mweusi. Gato mezani katikati ya maua. Wageni wanasimama kupiga picha na uso wa Kunda, mwingine ameinua vidole viwili kama yuko harusini. Mama mmoja alisema, "Kweli ni yeye kabisa." Midomo ya buluu, na ni yeye kabisa. Nilitaka kumpiga kwa sinia.

Tantine Musonda alifika saa sita. Mdogo, mkavu, kitambaa cheupe kichwani, miwani imefungwa kwa uzi. Akatuita chumbani. Yeye, mimi, shangazi wawili wengine, na Chola. Chola shati jipya, manukato mengi mpaka macho yanawasha. Alikaa kitandani kwangu bila kuambiwa.

Nilifungua mdomo kusema hapana yangu. Tantine akawahi.

"Bunga iko wapi?"

Nikamwambia iko nje, imepikwa bukari, watu wameanza kula.

"Yote?"

"Yote, Tantine."

Alinitazama kama mtoto aliyejikojolea kanisani.

"Mi nilikuambia bunga ya kukupakala! We unazania mi niko na njala?"

Hapo ndipo nilipojifunza, kwa kuchelewa, jambo ambalo wote mle chumbani walilijua. Kupyana kuna njia mbili. Ya kwanza ndugu wa mume. Ya pili unga mweupe, mkubwa wa ukoo anampaka mjane, kifo kinatoka, mwanamke anakwenda zake. Anayechagua ni mkubwa, na Tantine alikuwa amechagua toka ile Jumapili. Ndiyo alichokuwa anapigia kelele kwenye simu. Unga lazima utoke nyumbani kwa mjane mwenyewe, wa kuombwa haufai. Na mimi, mwalimu, niliyesoma, nimeuchukua uhuru wangu nikaupikisha bukari kwa watu themanini.

Nilimwonea Tantine aibu. Niliyoandika juu yake humu sitayafuta, niyaone.

Chola hakungoja. "Basi, bunga haiko. Tufanye vile ba tate balifanyaka." Njia ya baba zao, ile ya kwanza. Na alikuwa ameshashika pazia la mlango, anataka kulifunga.

Sijui ni nini kilinisukuma. Nilimpita, nikabana pumzi kwa sababu ya manukato, nikakimbia jikoni. Kopo la sukari ile laini ya kunyunyizia juu ya magato, nyeupe kabisa. Mimi huiita bunga ya sukari. Wateja wangu pia. Nikarudi nayo, kifuniko kikaangukia njiani.

Tantine alichovya kidole. Akaonja. Uso ukakunjamana.

"Hii iko nini?"

"Bunga ya sukari, Tantine. Ya mu nyumba yangu."

"Haiko bunga!" Chola alipiga kelele. "Ile iko sukari! Iko ya gato!"

Tantine alinitazama juu ya miwani. Akaniuliza tena inaitwaje. Nikasema tena, bunga ya sukari. Shangazi mmoja alianza kucheka akajikohoza.

"Unasikia? Bunga," Tantine akamwambia Chola. "Ama kifo itaonja?"

Akaanza. Paji la uso, mashavu, shingo, mikono. Mikononi alikaa sana. Kila kidole, na katikati ya vidole. Mikono yake ilikuwa mikavu na safi. Alisema maneno ya kwao, sikuyaelewa yote. Akavuta pazia, akawaambia waliokuwa mlangoni.

"Kilio inaisha. Huyu mwanamuke haiko wa muntu."

Uani wakapiga vigelegele. Nilikaa kwenye kiti cha mbele, mweupe, nanata. Nyuki walinijia. Mmoja alitembea kwenye nyusi yangu na sikuthubutu kupumua. Watoto walinizunguka wakinitazama kwa tamaa, mmoja alimwuliza mama yake kama mjane analambwa.

Chola ndiye aliyekata gato. Hasira tupu. Alianza na mdomo wa kaka yake. Alikula amesimama, wino wa buluu ukamkaa kwenye meno, kwenye ufizi, kwenye njiti. Halafu akachukua kipande chenye waridi. Akalila waridi langu na kilichokuwa chini yake. Amekula mkono wake mwenyewe, na akalamba vidole.

Sijawahi kuona kitu kichafu zaidi. Nilicheka mpaka sukari ikapasuka mashavuni.

Jumatatu, 21 Julai

Tantine ameondoka na nguo zangu nyeusi. Alisema atazichoma kwao, si kazi yangu. Ameomba gato dogo la njiani, lisilo na uso.

Nyumba imetulia. Nimefagia uani. Nimechemsha maji, nimeoga kwa muda mrefu, nimevaa gauni la njano. Linabana kidogo kiunoni.

Nimewasha mbabula nioke keki ndogo za chai, za Mama Zaituni. Nikapiga mayai na sukari. Nikageuka kuelekea mlangoni nikiwa na mwiko mkononi.

Kunda hakuwahi kuchovya kidole. Alikuwa anasimama pale mlangoni, viatu ameviacha nje, anauliza, "Kuko ya kulamba?" Nami nampa mwiko. Miaka kumi na saba, kila mara aliuliza.

Mwaka mzima nilijaa kinyaa. Watu, maneno yao, vidole vyao. Sikuwa na nafasi ya kumlilia mume wangu.

Nimelia leo. Nimekaa kwenye kizingiti na mwiko wangu, nimelia kwa sauti, mpaka makala yakawa majivu. Keki nitazioka kesho.