Beberu wa Luvuno

Jumatano, 1 Februari

Imeingia! Saa nne asubuhi, simu ya mke wangu Luvuno ililia akichuja maji ya bwawani. Hela ya lile shirika la misaada. Shilingi elfu hamsini na tano, na nyingine kama hizo zinakuja Mei. Si mkopo. Hakuna anayeuliza tutazifanyia nini. Mke wangu alisoma ujumbe mara tatu, kisha akaifunika simu kwa sufuria, kana kwamba itaruka itoke. Nikamcheka. Halafu nami nikaifunua, nikausoma tena.

Nimetengeneza baiskeli mbili tu leo. Akili haikuwa kwenye spoki.

Ijumaa, 3 Februari

Siku ya pili tunabishana. Mimi nataka ng'ombe. Mmoja, mnene, watu wakipita njiani wamwone! Luvuno hataki hata kusikia. Ng'ombe mmoja akifa, anasema, umebaki na ngozi. Kiangazi kilichopita kilimaliza ng'ombe wa kijiji kizima, hata wa chifu. Waliobaki ni mbuzi, wamesimama kwa miguu ya nyuma wanakula miiba.

"Baba Umazi, sema kweli. Unataka ng'ombe au unataka kusalimiwa?"

Nilitaka kusalimiwa.

Jumanne, 7 Februari

Mnadani. Nilijua mimi ndiye nitakayepatana bei, yeye ashike kamba. Wapi! Saa tatu nzima tunazunguka hajanunua hata kwato. Anaminya viwele. Anauliza kila mchuuzi kama mama wa mbuzi huyu alizaa pacha. Nikamwonyesha mmoja wa kung'aa, tumbo hilo. Akampapasa, akatikisa kichwa. "Huyu kalambishwa chumvi akanyweshwa maji. Kesho asubuhi utamkuta kama kamba." Mchuuzi akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mpaka adhuhuri tukawa na majike sita. Hela zilizobaki karibu zote akazimwaga kwa beberu mmoja mweupe, mrefu, masikio mpaka mashavuni, wa mbegu. Bei yake ingenunua majike mawili na chenji! Nilitaka kulia pale pale mbele ya watu.

"Kila mtoto atakayezaliwa, nusu yake ni huyu," akaniambia. "Utapanda mbegu mbovu kwa sababu ni rahisi?"

Miaka kumi na mitano tumeoana. Nilijua baba yake alichunga mifugo ya watu. Sikujua kwamba binti alikuwa anamfuata nyuma akitazama kila kitu. Sikuwahi kumwuliza. Aibu yangu.

Alinunua madaftari mawili. Moja la mbuzi. Hili hapa alilitupa mezani, nikalichukua, nikanakili humo karatasi zangu za wiki iliyopita.

Alhamisi, 25 Mei

Mgao wa pili. Majike manne zaidi, bati za zizi, dawa ya minyoo. Mimi nimepata pampu mpya. Nilisema asante kama mtoto.

Jumapili, 16 Julai

Pacha! Na pacha tena! Majike matatu yamezaa tangu Ijumaa, watoto watano, wote weupe kama baba yao. Luvuno hajalala kitandani siku mbili, anakuja ndani kunywa uji na kurudi. Mtoto mmoja alitoka hapumui. Alimshika miguu ya nyuma akamning'iniza, akamsugua kwa leso, akamtia unyasi puani mpaka akapiga chafya. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta jembe la kumzikia.

Leo binti yetu Umazi amekunywa chai ya maziwa bila kuuliza kama yapo. Nampenda sana mwanamke huyu. Nimeliandika, basi.

Jumatatu, 4 Desemba

Mjomba Gona amefariki alfajiri. Mzee wangu, aliyenifundisha kuziba pancha! Tumekwenda. Mkaza-mjomba Changawa, mjane wake, yuko kwenye mkeka, analia. Naye alipata hela za shirika. Ana majike saba, lakini dume lao liliumwa na nyoka mwezi wa nane, likafa. Mbuzi saba wamekaa bure. Huo ndio urithi wake.

Jumanne, 5 Desemba

Nimefanya upumbavu. Niuandike kabla sijaanza kuupamba.

Wanaume tulikaa jioni kupanga hanga, yale matanga ya mjomba. Desturi ni kila mpwa asimame ataje mnyama atakayemletea mjomba wake, na linalotajwa kukiwa na maiti ndani halirudishwi. Marehemu ameshalisikia. Nilikusudia kusema "mbuzi", nikae. Lakini binamu yangu Nzaro, mwenye mdomo usio na breki, akanitangulia.

"Thoya mwacheni jamani! Ataleta nini? Zizi la mke, hela za mke. Yeye pale ni mchungaji tu, tena bila mshahara."

Watu wakacheka. Kwenye msiba, walicheka! Nikasimama. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Mimi naleta beberu. Yule mweupe."

Kisha makofi. Mzee Tsofa, anayesimamia hanga, akanishika mkono akasema mjomba amezaa mpwa. Kwa muda wa kama dakika mbili nilikuwa mtu mkubwa.

Sijamwambia Luvuno.

Jumatano, 6 Desemba

Nimemwambia. Alikuwa akikata kwato. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Akasema tu, "Yule si nyama, Baba Umazi. Yule ni mbuzi wote ambao hawajazaliwa."

Nikamwambia nitakwenda kwa Mzee Tsofa nikubali fedheha, nibadilishe. Akakataa. Neno la hanga litatusumbua maisha, tena litamsumbua Umazi siku ya kuolewa. Nikamwambia basi achinjwe, tutanunua mwingine. Kwa hela ya nani? Zile zilikuja mara mbili, zimekwisha. Beberu kama yule leo ni bei mara mbili ya Februari. Bila yeye majike yetu yatapandwa na vidume vya njiani, tutarudi kwenye watoto wadogo wa kubebwa kwa mkono mmoja, wanaokufa kwa baridi.

Akaendelea na kwato. Baadaye akauliza mambo mawili. La kwanza: mnyama akishafika hanga, ni wa nani? Wa mjane, nikamwambia. Hata Mzee Tsofa hutia kisu kwa idhini ya mjane. La pili: mkaza-mjomba Changawa bado hajapata dume?

Nikasema bado.

Akampapasa jike mgongoni, ule upapasaji wake wa mnadani. Nimeshaujua.

Alhamisi, 7 Desemba

Naandika nyuma ya jiko la msiba, daftari juu ya goti. Siwezi kusimama kule mbele.

Luvuno amekuja. Peke yake, katikati ya ngoma na watu wote, kamba tatu mkononi. Beberu, amemwogesha, anang'aa. Na vidume wawili wa Julai, wale tuliowaweka tuwauze, tupate sare na sanduku la Umazi la kidato cha kwanza. Kumbe asubuhi mama na mtoto walikuwa wanashauriana! Umazi amemwambia yuko radhi avae sare kuukuu ya binti wa jirani.

Hakwenda kwa wanaume. Amepita moja kwa moja mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti.

"Mama, pole. Mume wangu alitoa neno, neno limefika. Beberu huyu ni wako kuanzia sasa. Ukisema achinjwe, achinjwe, mimi nitashika miguu. Lakini nimeleta hawa wawili kwa ajili ya sufuria, wageni hawatalala njaa. Ukipenda, huyu mkubwa akae kwako mpaka majike yako saba yashike mimba. Ya kwangu yameshashika. Halafu utaona mwenyewe kama utanirudishia."

Nzaro akapaza sauti: "Ah! Beberu wa hanga anarudi nyumbani? Ndio ujanja gani huu?"

Luvuno hakugeuka. "Shemeji, nazungumza na mwenye mali."

Wanawake wakapiga kigelegele, kisha wakakumbuka ni msiba, wakakatiza. Mzee Tsofa anasema haijawahi kutokea. Anasema pia hakumbuki desturi inayoikataza. Kisu kiko mkononi mwake, ngozi ya kuchinjia imeshatandikwa, vijana wawili wamemshika beberu pembe.

Mkaza-mjomba ameinuka. Tangu Jumatatu hajainuka ila kwa kushikwa, na sasa wanawake wanamzuia naye anawaondoa mikono. Anatembea polepole. Hata wapiga ngoma wameacha. Amefika. Amewaambia vijana waachie pembe. Anampapasa beberu mgongoni, mbavuni, anarudi mgongoni.

Sasa amemgeukia Luvuno. Sauti yake ni ya siku tatu za kulia, siisikii vizuri, nimesogea mpaka ukingo wa jiko.

"Mwanangu, huyu anakula nini?"