Mahindi Yaliyotoka "Google"

Mpendwa Mwalimu wangu,

Shikamoo. Tulishakuzika, na najua hutaitikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia.

Unakumbuka insha zetu za ufugaji wa nyuki? Ulituuliza habari zile tumezipata wapi, na darasa zima likajibu, "Google!" Ulicheka mpaka ukavua miwani.

"Google ni barabara tu," ukasema. "Mtu akikuuliza hapa Shelui umelala kwa nani, utamjibu umelala barabarani?"

"Madereva wa malori wanalala, Mwalimu!" mmoja akapaza sauti.

Hukukasirika. Ulituandikia ubaoni: nani kaandika, ukurasa unaitwaje, wa lini, anwani yake ni ipi. Kisha ukaja kwenye dawati langu, kwa kuwa ulijua siwezi kuuliza mbele za watu, ukaniambia taratibu, "Siyo kwa ajili ya maksi, mwanangu. Ni ili anayekuja nyuma yako aweze kwenda kuhakikisha mwenyewe."

Tangu nimalize kidato cha nne ninawasaidia wadogo zangu wa shule kwenye kompyuta. Juzi nilisoma gazeti lao la ukutani. Zawadi wa kidato cha pili ameandika namna ya kuzuia dumuzi wasitoboe mahindi ghalani: changanya dawa fulani ya unga na mahindi, kisha funga gunia. Chini yake: "Chanzo: Google." Wazazi waliokuja kikaoni walikuwa wameshaipiga picha na kutumiana. Wanaiamini kwa sababu imetoka shuleni.

"Ulisoma ukurasa gani?" nilimuuliza.

"Ule wa juu kabisa, dada. Ulikuwa na picha ya mahindi."

Tulitafuta mpaka tukaupata. Ulihusu kuhifadhi mbegu za kupanda. Mwishoni ulionya kwamba mahindi hayo yasiliwe na mtu wala mnyama, hata yakioshwa. Zawadi alinakili katikati tu. Alikaa akiitazama skrini, machozi yanamdondoka.

Mkuu wa shule alitutuma tupite nyumba kwa nyumba. Mama mmoja alinifokea, "Wewe binti, mbona unanong'ona kama mwizi? Sema!" Nikasema. Gunia lake lilikuwa bado limefungwa. Wengine nao walikuwa hawajala.

Kwa Mama Eliya tulikuta kufuli.

"Wako Kintinku, huko Manyoni, amefiwa na kaka yake," jirani alituambia. "Wamepeleka na gunia la unga wa mahindi, waombolezaji wasilale njaa."

"Wa yale mahindi aliyotia dawa?"

"Hayo hayo. Ila ameyaosha vizuri kabla ya kusaga, msiwe na wasiwasi."

Simu ya Mama Eliya haipatikani. Mkuu wa shule bado anapiga, na anatafuta mtu yeyote mwenye namba ya huko. Mimi na mama yangu tuko stendi ya Singida tunasubiri basi la kuelekea Manyoni. Wewe unaijua misiba yetu, Mwalimu. Anayefika hupewa chakula kabla ya kuulizwa ametoka wapi, na watoto wa mtaa mzima hukusanyika kwenye sinia moja.

Ninakuandikia ili nijizoeze kusema. Nikifika itabidi nipige kelele mbele ya wafiwa wasionijua, niwaambie waweke tonge chini. Hilo sasa siliogopi. Ninachoogopa ni kufika na kukuta vyombo vinaoshwa.

Basi limeingia. Pumzika, Mwalimu.

Mwanafunzi wako