Barua ya Mapeasi Niliyoifuta

Jumatano, jioni

...nikafuta barua pepe zote, nikidhani kule kwenye seva zimebaki. Kumbe kompyuta yetu ya steshenari ni ya mtindo wa zamani: ikishavuta barua, seva haibaki na kitu.

Humo kulikuwa na barua ya mnunuzi, ikitaja siku ya lori lake kufika Mombo kuchukua mapeasi ya Mama Hoza, mkulima anayepokea barua zake kwetu. Hata namba yake ya simu ilikuwa humo.

Bosi akaniambia, "Si ungeuliza, bwana! Mdomo umeukodisha?" Niliona aibu. Ningeuliza tu...

Leo asubuhi Mama Hoza aliniambia, "Mwanangu, nikikosa taarifa leo, kesho nachuma tu, yameshaiva." Yakichumwa lori lisije, yanaoza. Naondoka sasa kwenda kwake Magamba, nimwambie mwenyewe nilichofanya, asichume, kabla hajaita vibarua.